Mkono Begani

Mtu mzima akiingia kwenye darasa lile kwa mara ya kwanza hujiona jitu. Viti havimfiki magotini. Sinki la kunawia liko chini kiasi kwamba mzazi mrefu akitaka kusuuza mikono sharti apige magoti, na wengi hupiga, tai na viatu vya ofisini na yote. Ukutani kuna vigingi vya kutundikia mabegi, vimepigwa kwa kimo cha mtoto aliyeanza kutembea juzi, na juu ya kila kigingi imebandikwa picha: samaki, kengele, kijiko, jogoo, mwavuli. Hakuna majina, maana wenye vigingi hawajui kusoma na wengine hata kusema wanabahatisha. Lakini jaribu kutundika begi lako kwenye kengele uone. Utajiwa na mtu wa miaka miwili, atakutolea macho, na utaliondoa.

Mwalimu wa darasa hilo aliitwa Bi Taratibu. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Hili la pili alipewa na kazi. Alitembea taratibu, aliketi taratibu, na akimwonyesha mtoto namna ya kumimina maji kutoka kwenye jagi dogo, mikono yake ilikwenda polepole hivi kwamba mzazi aliyechungulia dirishani angeweza kwenda sokoni akarudi akamkuta gilasi haijajaa. Wala hakusema neno. Alishikilia kwamba mtoto mdogo akipewa maneno na mikono kwa wakati mmoja hushika maneno, mikono ikampita. Watoto, ndimi zao bado nzito, walimwita Tatibu, wengine Tibu tu, naye aliitikia yote.

Shule ilikuwa ya mtindo wa Montesori. Wazazi walilitamka neno hilo kwa majivuno kidogo, lakini ukimuuliza Bi Taratibu maana yake alikujibu kwa ufupi tu, kwamba mtoto asifanyiwe anachokiweza. Basi watoto walijimiminia maji, wakayamwaga, wakachukua kitambaa wakafuta. Walikata ndizi kwa kisu butu. Walifua vitambaa vyao wakavianika kwenye kamba iliyofungwa chini, mtu mzima akipita bila kuangalia inamkwaza miguu. Kulikuwa na mmoja aliyeitwa Bwana Mwenyewe, kwa kuwa neno lake la kwanza duniani lilikuwa hilo, "mwenyewe." Ukimfungulia mlango anaufunga, halafu anaufungua tena yeye. Kila asubuhi aliosha meza ileile kwa brashi na sabuni, iwe chafu iwe safi, na hakuna aliyemkataza.

Sasa, kuacha mtoto ahangaike na kifungo wakati vidole vyako vinakuwasha kumsaidia si kazi ndogo, tusidanganyane. Bi Taratibu alikuwa na dawa yake. Alisimama kando, mikono mgongoni, kiganja kimoja kimeshika kifundo cha kingine, na akangoja. Wasaidizi wapya aliwafundisha hivyohivyo, mikono nyuma, macho mbele. Msaidizi wa mwaka ule alikuwa binti mcheshi waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Redio alisema siku akiolewa atasimama mbele ya watu mikono nyuma, mwenye pete ahangaike mwenyewe.

Na palikuwa na desturi moja ambayo wageni waliipenda kuliko zote. Mtoto akimtaka mwalimu, naye mwalimu yuko na mwenzake, hapigi kelele wala havuti nguo. Anakuja, anaweka mkono begani mwa mwalimu, anasubiri. Mwalimu hageuki. Anaufunika mkono ule kwa mkono wake, basi, na maana yake kila mtoto aliijua: nimekusikia, sijakusahau, ngoja nimalize. Mtoto haondoi mkono mpaka ageukiwe. Yule ambaye nyumbani akinyimwa kikombe chekundu hujibwaga sakafuni akapiga mateke, hapa alisimama ametulia, mkono begani, kama mtu aliyeko kwenye foleni na anajua zamu yake itafika.

Bi Taratibu alikuwa mjane. Mumewe, fundi bomba, alimwacha na mtoto mmoja wa kike ambaye kiunoni kwa mama alikuwa hajafika, na huyo binti alikuwa amepita katika darasa lilelile. Kigingi chake kilikuwa kijiko. Wenye kijiko wengi walipita baada yake, picha ikabadilishwa mara kadhaa kwa kuchakaa, lakini mama mtu alipokipangusa kigingi hicho mkono wake ulikawia pale kidogo. Redio aliliona jambo hilo na, cha ajabu, hakulisema.

Binti alikua, akasomea ushonaji, akawa fundi hasa, yule ambaye hapimi mara mbili. Akaolewa na dereva wa greda, kijana mpole mwenye mikono mikubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kufuata barabara zinakochongwa. Leo huku, kesho kule. Siku walipoondoka, miaka kadhaa nyuma, Bi Taratibu alisimama kwenye kizingiti cha nyumba yake, mikono mgongoni, akasema safari njema. Majirani walimsifu kwa kujikaza. Hawakumwona aliporudi jikoni akaosha vikombe vyote, vichafu na visafi, halafu akavitoa akaviosha tena.

Cherehani ya binti ilibaki sebuleni kwa sababu haikuenea kwenye gari. Mama akaifunika kitambaa. Kila wiki alikifua kitambaa kile, akakipiga pasi, akairudishia mashine iliyokuwa haina hata chembe ya vumbi. Mjukuu alizaliwa huko mbali, wa kike, wakamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Bibi alimjua kwa simu tu. Aliona pua, aliona goti, aliona dari ya chumba mtoto alipoikimbiza simu. Akishaikata alikaa na kiganja wazi juu ya paja, kinamtamani mtoto wa kukalia hapo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini wa mjukuu nao, acheni.

Mwaka huo mvua zilipokaribia, binti akapiga simu. Mumewe alikuwa amehamishiwa barabara nyingine, mbali kuliko zote, na huko hakukuwa bado na nyumba, waliishi kwenye mahema ya kambi. Akauliza kama yeye na mtoto wangeweza kukaa kwa mama mpaka nyumba ipatikane. Bi Taratibu alijibu kwa sauti yake ya siku zote kwamba nafasi ipo. Halafu akaenda kulitoa shuka jipya kabatini, akatandika kitanda siku ileile.

Hapo ndipo lilipomwingia lile alilolitaka, na tangu siku hiyo halikumtoka. Alitaka wasiondoke tena. Alitaka cherehani ifunuliwe, binti ashone pale sebuleni, mjukuu apate kigingi, na baba mtoto aje likizo kama madereva wengine wa greda wanavyofanya. Halikuwa jambo la ajabu. Dada yake mkubwa, mwenye saluni ya mtaa wa pili, aliliona kabla hajaambiwa. Mwanamke huyo alikuwa na ulimi wa kukata nywele bila mkasi. Alimwambia mdogo wake amwombe binti abaki, tena mapema, kabla nyumba haijapatikana huko.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," alisema. "Wewe unakitaka cha uvunguni, na mikono umeiweka mgongoni."

Bi Taratibu akamjibu kwamba binti ni mtu mzima, ana mume, ana njia yake, na mtu anayetembea hashikwi shati. Ndivyo alivyowaambia wazazi miaka yote. Mama akilia mlangoni huku kamng'ang'ania mtoto aliyekwisha kuona samaki kwenye kigingi chake, ni nani aliyemwambia amwachie? Angeanzaje leo yeye kuwa ndiye wa kung'ang'ania? Dada mtu akasonya, akasema wengine watakufa na tai shingoni, na akaendelea kumsuka mteja.

Wakaja na mvua ya kwanza. Sasa sikia kilichotokea, maana hata mimi kila nikikikumbuka nacheka na kuhuzunika. Mwanamke huyu, aliyewapokea watoto wa watu miaka na miaka bila kumvuta hata mmoja, alipomwona Chiriku anashuka garini alisahau yote. Alimrukia. Alimbeba juujuu, akambusu huku na huku. Mtoto akapiga yowe lililowatoa watu madukani, akajipinda kama samaki mkunga, na akaangukia mikononi mwa mama yake. Tangu hapo, bibi akiingia chumbani, Chiriku anatoka. Jina lake lilikuwa Chiriku, lakini kwa bibi alikuwa bubu.

Siku ya kumpeleka darasani, binti alimwacha mlangoni akaondoka upesi kama alivyoelekezwa. Chiriku alisimama pale na koti lake la mvua la manjano, mdomo umepinda. Redio alitaka kwenda. Bi Taratibu akatikisa kichwa. Akatandika mkeka karibu na mlango, akaketi amempa mgongo, akaanza kuhamisha maharage kwa kijiko kutoka bakuli hili kwenda lile. Hakumwangalia mtoto. Aliachia harage moja lidondoke, aliokote kwa vidole viwili, taratibu. Likadondoka jingine. Redio alisimulia baadaye kwamba mikono ya mwalimu ilitulia tuli, lakini shingo yake ilikuwa imekaza mishipa. Harage la tatu lilibingirika hadi kwenye buti za Chiriku. Chiriku akaliangalia. Akainama, akaliokota, akaja akalitia bakulini, na akabaki pale amechuchumaa kungoja lingine lianguke.

Alipewa kigingi cha mwavuli, na siku zikaenda. Majira yalikuwa na meza yake katika darasa lile. Wakati wa kiangazi meza hiyo ilijaa maganda makavu ya mbegu, manyoya ya ndege na mawe laini. Mvua zikianza vitu hivyo vilirudishwa nje, mahali pake yakaja majani mabichi, chupa yenye konokono, na makopo ya kupandia. Kila mtoto alipanda harage lake katika kopo lenye picha yake. Mvua ikikatika walivaa buti, wakatoka uani wakakanyaga madimbwi kwa bidii ya watu waliopewa kazi ya kuyamaliza. Wakirudi walivua, wakapanga buti mbilimbili, wakachukua vitambaa wakafuta sakafu waliyoichafua. Bwana Mwenyewe alifuta hata palipokuwa pakavu. Kila asubuhi walikwenda kuyaona makopo, na yule ambaye la kwake halijachipua alikuwa akilichimbua kuliangalia, kisha analirudisha.

Ilikuwa katika siku hizo za buti. Bi Taratibu alikuwa amepiga magoti kumwonyesha mtoto mwingine namna ya kukamua kitambaa, akasikia kitu chepesi begani. Akaufunika mkono bila kugeuka, kama desturi. Ulikuwa mkono mdogo, wenye baridi ya mvua. Akamaliza kukamua, akageuka, na aliyesimama pale alikuwa Chiriku, buti moja mguuni, nyingine ameikumbatia.

"Bibi," akasema. "Buti."

Lilikuwa neno lake la kwanza kwake. Bi Taratibu akamshikia buti kidogo tu, sehemu ile ya kisigino inayosumbua, akaachia mtoto aimalize. Halafu akaenda chumba cha vifaa, akasimama katikati ya mafagio madogo, akalia. Kuanzia hapo mdomo wa Chiriku ulifunguka, na nyumba ile haikujua tena kimya. Aliimba, aliuliza, aliwagombeza kuku wa jirani, na alipochoka alikuja mwenyewe akakaa juu ya paja la bibi, pale pale palipokuwa wazi siku zote.

Mambo mengine nayo yakawa yanajipanga kana kwamba yana akili. Fremu za vifungo za darasani zilikuwa zimechakaa. Hizi ni fremu za mbao zenye vipande viwili vya kitambaa, mtoto anajifunza kufunga na kufungua. Binti alipoziona akasema ni aibu. Jioni moja akaifunua cherehani, akaitia mafuta, na sauti yake ikajaa sebuleni baada ya miaka. Alishona fremu ya vifungo vikubwa, ya vifungo vidogo, ya zipu, ya kamba. Jirani akaja na gauni la kupunguza. Akaja mwingine na pazia. Bi Taratibu alipika chai akisikiliza mashine ile, akapitiliza hata chai ikachemka ikamwagika.

Aliona kila kitu, na hakusema kitu. Alikuwa na siku ngapi za kusema! Walikaa pamoja wakichagua vifungo, wakianua nguo, wakimngoja Chiriku avae sweta kwa njia yake ya kichwa kwenye mkono. Maneno yalimjia hadi kwenye meno. Akajiambia, asije akasumbuliwa mtu aliyeshika kazi yake. Akajiambia, akitaka kukaa atasema. Dada wa saluni alimuuliza kwa simu, umemwambia? Akajibu, bado. Dada akamuuliza kama anangoja maharage yamwambie.

Nyumba ikapatikana kabla maharage hayajazaa. Mkwe alipiga simu mwenyewe, sauti imejaa furaha, nyumba ina vyumba viwili na bomba uani. Aliwamisi, maskini, na nani wa kumlaumu? Binti alisikiliza, akasema sawa, sawa baba Chiriku. Alipokata simu alimtazama mama yake. Alimtazama kwa muda. Bi Taratibu akasema ni habari njema, akainuka kwenda kuangalia jiko ambalo halikuwa na kitu.

Asubuhi ya safari, darasa aliachiwa Redio. Chiriku alikuwa uani akiagana na kuku. Binti alikuwa chumbani, amepiga magoti juu ya begi kubwa, anavuta zipu, na zipu imekwama. Bi Taratibu akafika mlangoni. Akasimama. Mikono ikaenda nyuma yenyewe, kwa mazoea tu, kiganja kikashika kifundo. Jicho lake la kazi liliona mara moja tatizo lilipo: ukosi wa koti la manjano la mtoto ulikuwa umeumwa na meno ya zipu, na zipu ikiuma nguo haivutwi mbele, inarudishwa nyuma kwanza. Watoto wangapi aliwaonyesha hilo! Lakini binti hakuomba, na mama akangoja. Binti akavuta. Akavuta kwa mikono miwili. Akajaribu kwa meno. Halafu akaiachia zipu, akakaa chini sakafuni, uso kwenye magoti, akaanza kulia.

"Mama, si unaona nashindwa?"

"Naona, mwanangu. Nilikuwa nangoja uombe."

Binti akainua uso uliolowa. Hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililomchoma mama.

"Mimi nami nimengoja," alisema. "Siku ile ya kwanza ya kuondoka ulisimama hivyohivyo, mlangoni, nikasema basi, hanihitaji. Safari hii nimeshona mpaka mapazia ya watu, nikisubiri uniambie neno moja. Darasani kwako nilifundishwa nisisumbue, mama. Nikangoja."

Bi Taratibu akaachanisha mikono. Akaja akaketi sakafuni, akalichukua lile begi, akairudisha zipu nyuma, akautoa ukosi wa koti taratibu usichanike. Zipu ikapita hadi mwisho bila shida. Begi likafungika, na hiyo ndiyo ikawa hasara yenyewe, kwa kuwa msaada wa kwanza aliompa mwanawe kwa mikono yake miwili ulikuwa wa kumsaidia kuondoka. Alifungua mdomo. Nje teksi ikapiga honi, binti akapangusa uso kwa kiganja, akanyanyuka na begi.

Ungeona uani pale ungesema hawa watu hawana haraka. Dereva alikuwa ameshawasha gari, lakini Chiriku alikuwa kitini anafunga mkanda, na kila dereva alipopeleka mkono alipigwa "mwenyewe" moja ya nguvu. Basi wote wakangoja. Binti alikuwa ameinama kwenye buti la gari akipanga mizigo, mgongo umeelekea nyumbani.

Bi Taratibu akatoka kizingitini. Akaja hadi nyuma yake. Mikono ilitaka kurudi mgongoni, akaikatalia. Akauinua mmoja, akauweka begani mwa binti yake, akasubiri.

Binti akaganda. Mtu aliyelelewa kwenye kigingi cha kijiko hasahau hilo. Hakugeuka. Aliachia kamba aliyokuwa akiifunga, akapandisha mkono wake polepole, akaufunika ule wa mama, ulio mkavu na wenye makunyanzi ya sabuni za miaka. Wakakaa hivyo. Dereva akaangalia mbele, kama mtu mwenye adabu. Halafu binti akageuka.

"Sema, mama."

"Sijui kuomba," Bi Taratibu akasema, na machozi yalishafika kidevuni. "Lakini nakuomba. Nataka mkae na mimi. Nilitaka siku ile, na nimetaka kila siku. Nyumba hii bila nyinyi naiosha tu."

Basi, lilikuwa limetoka, tena mbele ya dereva wa teksi na jirani wa mapazia aliyekuwa akijifanya anafagia. Binti alimkumbatia mama yake kwa nguvu hata kitambaa cha kichwa kikamteleza. Alimwambia, kinywa sikioni, kwamba leo hawezi. Baba Chiriku amengoja kwenye mahema mvua yote, amepaka rangi vyumba kwa mikono yake, huwezi kumwangusha mtu wa namna hiyo kwa simu ya njiani. Lazima waende, wakae naye, waongee uso kwa uso. Akaachia. Akaingia garini karibu na mtoto, ambaye mkanda ulikuwa umekubali hatimaye na anajipigia makofi. Gari lilipoanza kusogea, akatoa kichwa dirishani.

"Mashine usiifunike, mama."

Mvua zimekwisha sasa. Kwenye meza ya msimu yamerudi manyoya na maganda makavu, watoto wanafua vitambaa na jua linavikausha kabla hawajamaliza kuvianika. Maharage yalizaa. Kila mmoja alichuma la kwake, akalimenya, na Bwana Mwenyewe akakataa kumwonyesha mtu yeyote. Kopo lenye picha ya mwavuli lilizaa maganda manne. Bi Taratibu aliyaacha yakaukie kwenye mti wake, akahifadhi mbegu. Alipoingia mtoto mpya, Redio akauliza kama apewe kigingi cha mwavuli, kiko wazi. Bi Taratibu akasema hakiko wazi, mwenyewe ametoka kidogo. Mtoto mpya akapewa ngoma.

Nyumbani cherehani iko wazi sebuleni. Vumbi linaingia, kama vumbi lilivyo, na kila jioni anaipangusa, lakini hafuniki. Dada wa saluni akipita huigusa na kuondoka bila kutia neno, jambo ambalo halijawahi kutokea. Na simu sasa ndiye anayeipiga. Zamani alingoja apigiwe, asije akasumbua. Siku hizi anapiga, anamsikiliza Chiriku mpaka apumue, anamwamkia mkwe, wanacheka, halafu anamtaka binti na anamuuliza bila aibu yoyote, mnarudi lini?

"Nimekusikia, mama," binti humjibu. "Bado tunaongea. Ngoja kidogo."

Naye hangoji tena kama zamani. Anakata simu, anakaa karibu na mashine, na kiganja chake kinaenda juu ya kichwa cha chuma kile na kubaki pale. Hakiondoi mpaka ageukiwe.